Filamu ya Vita Iliyonishinda

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati la harusi ya kaka yangu, nikafika kwenye kituo cha redio cha Kindu kabla mlinzi hajafungua lango. Nilidhani nitapewa kipaza sauti niseme. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi aliyependa suruali iliyopigwa pasi, alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akanivika kaske, yaani visikilizio, masikioni, akaniambia nisikilize. Nisikilize nini? Alisema nitajua mwenyewe, akaenda zake. Nilikaa hapo asubuhi nzima nikisikia mngurumo tu, kama mafuta yanayokaanga samaki, na ndani yake vipande vya sauti za watu vinakuja na kupotea. Aliporudi akaniuliza nimesikia nini. Nilimjibu kwa aibu kwamba nimesikia kelele. Hakukasirika.

"Kelele njo nyumba yetu," alisema. "Muntu iko mule ndani. Kazi yako ni kumutafuta."

Wiki kadhaa zilipita kabla sijaruhusiwa kugusa kitufe cha kusemea. Vijana wa leo mnapewa simu mkiwa bado mnanyonya, mnapiga kelele ndani yake njiani, sokoni, hata msikitini. Sisi tulifundishwa kunyamaza kwanza. Nawaeleza haya kwa sababu kazi yenyewe imekufa, na watu wanaoijua tunapungua.

Tuliiita foni. Ilikuwa redio ya kuitana, sanduku la chuma lenye kipaza sauti cha mkononi. Nje ulifunga waya mrefu kati ya miti miwili au nguzo mbili. Huo ndio uliokuwa antena. Ndani uliweka betri ya gari, na juu ya bati sahani ya jua ya kuichaji. Huwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, ndipo mwenzako anajibu. Ukisahau kuachia unazungumza peke yako, na tuliwacheka sana wageni waliofanya hivyo. Kusikiliza hakuli betri sana. Kusema ndiko kunakoimaliza, kwa hiyo mtu wa foni mzuri ana maneno machache. Mke wangu husema ugonjwa huo niliuleta hadi nyumbani.

Tena foni haikuwa na siri. Kila aliyefungua redio kwenye mawimbi yetu alisikia yote. Mkoa wetu mzima wa Maniema ulijua mke wa nani amekataa kurudi kwa mumewe na mfanyabiashara gani ametuma mafuta yenye maji. Ndiyo maana tulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Kifo hakikusemwa hewani. Mtu akifiwa kule Pangi na ndugu yake yuko Kindu, tulisema tu kwamba hali ya mgonjwa si nzuri, mtumeni mtu mzima aje. Kila mtu alielewa. Lakini yule mwenye msiba alipata nafasi ya kurudi nyumbani kwa miguu yake, akakalishwa kwenye mkeka, akaambiwa na mkubwa wa ukoo. Niliiona ni desturi ya heshima, na bado naiona hivyo. Ila kuna mahali ilinifikisha, nitawaambia.

Kituo changu cha kwanza nje ya mji kilikuwa Punia, msituni kaskazini, kwa wachimba madini. Barabara ilikuwa mbaya wakati ule na sasa ni mbaya zaidi. Mkuu wangu wa Punia alikuwa mzee mwenye kifua kikubwa aliyeamini kwamba Kindu ikiwa mbali, basi usemi wake lazima uwe wa nguvu. Alipiga kelele mpaka sauti inachanika kwenye kipaza na Kindu hawapati neno. Nilipojaribu kumshauri aseme taratibu, aliniuliza kama baba yangu alikuwa anamwita mtu wa ng'ambo ya mto taratibu. Kule Punia nilijifunza radi: mawingu yakianza kujikusanya, unakimbia kuchomoa waya wa antena kabla ya kitu kingine chochote. Mwenzetu mmoja alichelewa, redio yake ikawa mkaa.

Kutoka Punia nilipelekwa Obokote, upande wa Lubutu, kijiji cha wakulima na watu wa msitu. Foni yetu ilikaa ndani ya kituo cha afya, nyuma ya chumba cha kuzalishia, na kazi kubwa ilikuwa kuomba chanjo, dawa na damu. Nilipohamishwa, nafasi yangu ilichukuliwa na mama mmoja aliyekuwa akisaidia wauguzi. Huyo ni Mama Feza. Kabla ya kusema alikohoa kidogo, kila mara, hivyo hata siku za mngurumo mkubwa nilijua ni yeye kabla hajajitaja. Nilimfundisha siku chache tu, halafu tukafanya kazi pamoja miaka mingi, yeye kule na mimi Kindu, bila kuonana tena ana kwa ana. Nikiambiwa nitaje marafiki wa maisha yangu, yeye yumo.

Kindu nilirudishwa kuwa mtu wa kituo cha uongozi. Maana yake ni hii. Kila siku asubuhi, mchana na jioni kulikuwa na saa ya kuitana, tuliiita vakasio. Kituo cha uongozi ndicho kilichofungua. Niliita vituo kimoja kimoja kwa mpangilio, kila kimoja kinajibu kwamba kipo na kina habari gani. Kisichojibu niliita mara tatu, nikakiacha, nikaendelea. Vakasio inayofuata nilikiita tena. Hata kama kimenyamaza mwezi mzima, kiliitwa. Hatukukifuta kituo mpaka mtu afike kwa miguu, akione kwa macho kwamba hakipo. Mkuu wa Mtandao, aliyekuwa bosi wangu wa mwisho na aliyenifaa kuliko wote, alinieleza siku aliyonikabidhi kiti kile.

"Kindu ikinyamaza, wote kule watasema mujini kumekwisha," aliniambia. "Watakimbia, na wagonjwa watabaki. Betri ikufe, sawa. Weye usinyamaze."

Halafu vita ilikuja, ikaondoka, ikarudi na majina mengine. Sitaeleza nani alipigana na nani. Wako wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nitasema jinsi ilivyokuwa kwetu. Treni ilisimama. Maboti ya kutoka kaskazini hayakuja. Chumvi na sabuni zilifika kwa baiskeli zinazosukumwa wiki nzima. Mji mzima ukawa unaongea kwa foni yetu. Watu walipanga mstari nje ya mlango kuuliza watoto wao walioko Kibombo, na mimi nilikuwa naita na kuita.

Siku milio ya bunduki iliposikika upande wa reli, watu walikimbilia mtoni kuvuka kwenda Alunguli kwa mitumbwi. Mke wangu, Mama Zaina, hakunitumia mtu. Alikuja mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha redio. Mgongoni alikuwa na Amisi, wa nne wetu, ambaye alikuwa bado ananyonya. Zaina, binti yetu wa kwanza, alikuwa na godoro kichwani, na wale wawili wa kati wameshikana mikono. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, kaske masikioni, na ndani ya kaske nilikuwa na Mama Feza. Habari ilikuwa imeshafika Obokote kwamba Kindu imekwisha. Watu walikuwa wanafunga mizigo. Ndani ya kituo cha afya kulikuwa na akina mama waliotoka kujifungua na wagonjwa wasioweza kutembea, na wauguzi wamesimama mlangoni wakisubiri neno. Alikohoa, akaniuliza kitu kimoja tu: Kindu, mungali pale?

Nyuma yangu nikasikia mke wangu akisema, "Baba Zaina, twende."

Niliinua mkono bila kugeuka. Ngoja. Nilitaka kumjibu Mama Feza kwanza, maana yule angengoja kidogo tu na kuondoka. Nilimwambia nipo, Kindu ipo, wasiondoe wagonjwa, nitawaita tena jioni. Kisha mngurumo ukapanda, nikarudia, nikarudia tena mpaka akasema amenipata. Nilipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilibaki. Kila vakasio nilifungua, nikaita vituo vyote, vinavyojibu na visivyojibu, kwa maneno machache iwezekanavyo, kwa sababu sahani ya jua ilikuwa imetobolewa kwa risasi na betri ilikuwa inashuka. Jioni moja sauti yangu mwenyewe ikawa inakatika. Kesho yake watu wenye silaha waliingia, wakachukua redio, betri na hata kiti. Mmoja akaniuliza kwa nini sikukimbia. Nilimwambia nilikuwa kazini, akacheka, akaniacha niende.

Nikavuka mto. Nilifuata njia ya Pangi kijiji kwa kijiji nikiuliza mama mwenye watoto wanne. Nikaanza kujibiwa kwamba wamemwona mama mwenye watoto watatu. Nilipowafikia, mke wangu alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha watu akimenya karanga. Hakuinua macho. Mzee wa nyumba ile alinichukua nyuma, akanionyesha udongo mdogo uliofukuliwa siku si nyingi, akasema mtoto alipata homa. Nilirudi kibarazani nikaketi kando ya mke wangu, nikachukua karanga na mimi nikaanza kumenya. Nilikuwa nimezoea kazi ambayo kifo hakitajwi, na yeye alikuwa mke wa mtu wa kazi hiyo.

Basi haikusemwa. Tulirudi mjini, nyumba ikapakwa udongo upya, redio nyingine ikaletwa. Vakasio ya kwanza nilipoita Obokote, Mama Feza alikohoa, akaniambia kwamba wagonjwa wote walibaki na akina mama wote wameshatoka salama na watoto wao. Nililia pale kitini, nikiwa nimeziba kipaza kwa kiganja. Nyumbani sikusema lolote kuhusu watoto wale wa Obokote. Ningeyaanzaje maneno hayo mbele ya mama yake Amisi?

Mara moja tu liliponyoka neno. Tulikuwa tunagombana juu ya chumvi, kitu cha kipuuzi, naye akasema kwa sauti ndogo kwamba mimi nilichagua sauti za watu wa mbali. Akaendelea kukoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tangu siku ile nilijua kilichokuwa kimelala kati yetu, na nikajua kwamba tukiendelea hivyo mmoja wetu atamzika mwenzake kabla hatujalitaja jina la yule mtoto. Hilo liliniogopesha kuliko bunduki. Lakini sikujua mlango wa kuingilia. Kumweleza nini? Kwamba antena, kwamba betri, kwamba kituo cha uongozi? Hayo ni maneno ya kazi. Yeye aliona mgongo wa mumewe na mkono ulioinuliwa.

Miaka ikaenda. Minara ya simu ikasimamishwa, foleni ya mlangoni ikaisha, na siku moja Mkuu wa Mtandao akaniita akasema tuzime. Nilizima mwenyewe, nikakunja waya, nikaenda nyumbani.

Sasa nije kwenye filamu. Katika nyumba yangu filamu za vita zilikatazwa. Watoto walizitazama kwa majirani, nami nilijifanya sijui. Sababu niliyoitoa ilikuwa ya kitaalamu, nami niliipenda sana kwa kuwa ilinipa nafasi ya kusema. Filamu hizo ni bongo tupu, uongo mtupu. Askari anachukua foni katikati ya milima, anasema neno moja, anajibiwa papo hapo kwa sauti safi. Betri haifi. Wawili wanasema kwa pamoja na wanasikilizana. Tena kuna muziki wa kukuambia sasa uogope, sasa ulie. Vita niliyoiona mimi haikuwa na muziki. Sababu nyingine, ambayo sikuitaja, ni kwamba mlio wa bunduki ukisikika kwenye televisheni mke wangu alisimama, akaenda nje kufagia hata kama uwanja ulikuwa umeshafagiwa.

Kitenge, mume wa Zaina, anafundisha fizikia sekondari. Ni mtu mpole, na ana ujanja wa watu wapole. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana alikuja na ordinatere yake, kompyuta ya kukunja, akaiweka juu ya meza ndogo, akanisalimu vizuri.

"Papa, hii filme iko na foni ndani," alisema. "Nataka uniambie kama ni bongo."

Alijua pa kunishika. Mtu akiniomba nitafute makosa siwezi kukataa. Nilimwambia sawa, tuangalie kidogo, nikianza kucheka tuifunge. Mama Zaina alikuwa sebuleni na ungo wake wa mchele, na kwa desturi yetu mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwewe wa kiume. Alisimama, akaingia kwenye korido, akaketi nyuma ya pazia akaendelea kuchambua. Nilisikia mchele ukipepetwa pale nyuma, shwa, shwa, na sikumfikiria zaidi.

Jina la filamu Kitenge alinitajia, sikulishika. Inaonyesha askari wachache kwenye kituo juu ya mlima wa mawe, na kati yao mtu wa foni, mwembamba, mwenye ndevu mbaya. Ng'ambo ya bonde kuna kituo kingine cha wenzao. Adui haonekani hata mara moja. Asubuhi kituo cha ng'ambo kinajibu, mchana hakijibu. Hadithi yote ni hiyo.

Nilikuwa nimeinua kidole tayari kukosoa. Yule mwembamba akachukua kipaza, nikangoja apige kelele. Hakupiga. Alishusha sauti, akasema polepole, neno kwa neno, namna wanavyosema wanaojua. Nikashusha kidole kidogo. Akaachia kitufe, akangoja. Mle chumbani, sebuleni kwangu, ukatoka mngurumo ule, wenyewe hasa, wa mafuta na samaki, na hawakuweka muziki juu yake. Kitenge aliniangalia kwa pembeni. Nilimwambia hiyo bado si kitu. Halafu mwembamba akatoka nje akitambaa, akasogeza waya wa antena mwamba mmoja mbele, akarudi, akafuta ncha za betri kwa upindo wa shati lake. Hakuna aliyeeleza kwa nini anafuta. Waliotengeneza filamu ile walituachia sisi tulioifanya kazi hiyo tujue, na wasiojua wamwone tu mtu anayefuta betri. Nilisogeza kiti.

Aliita. Akaita tena. Milio ilisikika mbali, ikasogea, vumbi likaanguka kutoka darini. Wenzake wakaanza kufunga mizigo. Yeye akaita, akangoja, akaita. Nilijikuta nazuia pumzi kila anapoachia kitufe, nikimtafuta muntu ndani ya kelele, kazi ambayo sikuwa nimeifanya tangu kustaafu. Nilisahau kwamba nilikuwa na deni la kucheka.

Kisha sauti ya mke wangu ikatoka nyuma ya pazia.

"Baba Zaina, bado hawajamujibu?"

Ndipo nikagundua kwamba mchele haupepetwi. Alikuwa hajaona picha hata moja, na Kifaransa chake ni cha sokoni, lakini alikuwa amesikia yote: mtu anaita, na kule kimya. Nilimwambia bado. Akauliza anamwita nani. Nikasema kituo cha wenzake. Akauliza kwa nini haendi, wengine si wanaondoka? Nilimwambia kwamba wenzake wa kule wakisikia amenyamaza, watajua wameachwa.

Kitenge alisimama. Alisema anakwenda kuangalia pikipiki yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote, akatoka akaiacha filamu inaendelea. Hapo ndipo nilipojua kwamba binti yetu aliolewa na mtu hasa. Pazia likafunguka, Mama Zaina akaja akaketi kwenye kiti cha mkwewe, ungo mapajani.

Mlangoni mwa kile chumba cha mawe mkubwa wa yule mwembamba alimwita. Twende, sasa hivi. Mwembamba alikuwa amempa mgongo, kaske masikioni. Aliinua mkono. Ngoja.

Nilitaka kufunga ordinatere ile, sikujua kitufe chake kiko wapi. Nilijua kwamba filamu sasa itafanya kama sikuzote, itatuonyesha mgongo, na mke wangu ataliona jambo lile lile kwa mara ya pili. Lakini picha haikubaki mlangoni. Ilizunguka ikaenda mbele, ikamkaribia yule mtu, ikakaa usoni mwake. Alikuwa analia. Mdomo unasema maneno ya kazi kwa sauti ya kawaida, bila kutetemeka, na machozi yanashuka hadi kwenye ndevu, na macho yanaenda upande wa mlango, yanarudi kwenye mashine, yanaenda tena. Hawakuharakisha. Walituacha na uso ule mpaka mlango nyuma yake ukabaki mtupu.

Filamu iliisha yule mtu akiwa bado anaita. Kama alijibiwa au hakujibiwa, hawakusema. Mama Zaina aliendelea kutazama kioo cheusi.

"Uso wako ulikuwa vile?" aliniuliza.

Nilimwambia sijui, sikujiona. Kisha nikamwambia ndiyo. Nilimweleza kuhusu Mama Feza, wagonjwa, wauguzi waliosimama mlangoni, na watoto wachanga wa Obokote. Nilimwambia kwamba hata leo sisemi nilikosea kubaki, na kwamba hakuna siku niliyoacha kuuona ule mlango. Alisikiliza yote akichezesha punje za mchele kwa kidole.

"Miye niliona mugongo," alisema. "Miaka yote hii, mugongo tu. Nilifikiri ku mbele hakuna kitu."

Nikasema nasikitika. Akatikisa kichwa, si hilo alilolitaka.

"Na weye haukuona uso wangu," akasema. "Ile filme haikufuata wale walioenda."

Ni kweli. Ni filamu nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na haikuwafuata. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo mume mwingine angeuliza siku ile ile kwenye kibaraza cha karanga.

"Uniambie, Mama Zaina. Amisi alikufa namna gani?"

Akaanza, kutoka mtumbwini. Alinieleza njia yote: mvua ya siku ya pili, homa iliyopanda, zahanati waliyoikuta imefungwa kwa kufuli, jinsi mtoto alivyokataa titi. Yale ya mwisho ni yetu wawili, sitayaandika. Lakini moja nitaliandika. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimwona, katika fikira zangu, akimwosha mtoto wetu peke yake. Haikuwa hivyo. Mama mmoja wa pale, asiyetujua, Mkristo tena, aliwasha moto akachemsha maji, akamshikia beseni mpaka mwisho, akamvulia kitenge chake kipya kiwe sanda. Aliomba kwa dini yake, mke wangu akaomba kwa yetu. Kisha yule mama akalala na mke wangu kwenye mkeka mmoja siku zote mpaka nilipofika mimi, na nilipofika aliondoka kwa adabu ili tubaki wawili. Nilimpita huyo mama njiani bila kumsalimu.

Vijana, mtaniuliza foni imenifundisha nini, kwa sababu wastaafu huulizwa hivyo. Imenifundisha kuwasikia watu wa mbali, na nilikuwa hodari, sina haja ya kujishusha. Wa karibu nilihitaji filamu ya watu nisiowajua, katika milima ya mawe, ndipo nikamsikia. Katazo la nyumbani nimeliondoa. Kitenge ameshaleta nyingine mbili za vita, zote bongo, tumecheka sana, Mama Zaina akicheka nyuma ya pazia.

Mvua zikipungua tunaenda njia ya Pangi, mke wangu na mimi, kwa pikipiki mbili, maana ya Kitenge peke yake haitatubeba. Barabara ni mbaya na migongo yetu si ya kuaminika. Tunakwenda kumsomea mtoto dua, halafu tutaulizia yule mama. Mama Zaina ameshanunua kitenge cha kumlipa, kizito, cha rangi ya kijani. Kila siku anakitoa kabatini, anakikunjua kukiangalia, anakikunja upya, na mimi nakaa naye nikimsikiliza.